Mafuta Yanayobeba Dawa: Liposomu na Vibebaji Vyenye Akili

Kama umekulia Gehandu, au kijiji kingine chochote kati ya Mbulu na Hanang, huhitaji maabara ili kuanza mada hii. Kibuyu cha maziwa kinatosha. Mimina maziwa, funga, tikisa kwa muda mrefu, na siagi itajitenga na mtindi. Sasa jiulize: mafuta hayo yalikuwa wapi kabla ya kutikisa? Mafuta na maji havichanganyiki, jambo ambalo umelijua tangu darasa la nne, lakini maziwa mabichi yametulia kwenye chombo bila tabaka la mafuta yaliyoyeyuka kuelea juu kama yanavyoelea kwenye mchuzi.

Jibu ni kwamba mafuta ya maziwa yamegawanyika katika matone madogo mno, na kila tone limevikwa utando mwembamba. Utando huo una sura mbili: upande mmoja unapenda maji na upande mwingine unakwepa maji. Unapotikisa kibuyu unapasua tando hizo, matone yanakutana, yanaungana, na unapata siagi. Mama yako anafanya fizikia ya tando kila anaposuka maziwa. Wataalamu wa dawa wanafanya kinyume chake: wanajenga utando, wanaweka dawa ndani, kisha wanahakikisha haupasuki hadi ufike panapotakiwa.

Mada hii haina sura yake peke yake kwenye muhtasari, na ndiyo sababu watahiniwa wengi huiruka. Lakini ndani yake kuna muundo wa seli, usafirishaji wa vitu, kinga ya mwili, asidi na besi, pamoja na misombo ya kaboni. Swali moja la maelezo linaweza kukugusa katika sura zote hizo kwa pamoja.

Kichwa na mikia

Fati ya kawaida, kama samli, imeundwa na gliseroli iliyounganishwa na asidi za mafuta 3. Ondoa asidi moja ya mafuta, weka mahali pake kundi la fosfeti, na umepata fosfolipidi. Badiliko ni dogo kwenye karatasi, lakini tabia inabadilika kabisa. Kundi la fosfeti lina chaji, kwa hiyo linavutana na maji. Hicho tunakiita kichwa. Asidi 2 za mafuta zilizobaki hazina chaji, kwa hiyo zinayakwepa maji. Hizo ni mikia.

Tupa fosfolipidi nyingi ndani ya maji. Vichwa vinataka maji, mikia haitaki. Njia rahisi ya kuwaridhisha wote ni kujipanga safu mbili, mikia ikitazamana katikati na vichwa vikitazama nje pande zote mbili. Safu hiyo ya mbili ndiyo utando wa seli uliochora tangu kidato cha kwanza. Lakini kingo za safu bado zina mikia iliyo wazi kwa maji, na safu hujikunja yenyewe hadi kingo zikutane. Unapata mpira wenye ukuta wa lipidi na maji katikati. Mpira huo ndio liposomu.

Mwingereza Alec Bangham ndiye aliyeiona na kuieleza vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, akifanya kazi katika taasisi ya Babraham karibu na Cambridge. Alikuwa akichunguza fosfolipidi zilizowekwa majini kwa kutumia hadubini ya elektroni. Hakuwa akitafuta dawa hata kidogo.

Liposomu ina sehemu mbili za kuweka mzigo, na hapa ndipo watahini hupenda kuuliza. Dawa inayoyeyuka katika maji huwekwa katikati, penye maji. Dawa inayoyeyuka katika mafuta huwekwa ndani ya ukuta, kati ya mikia. Ukiandika tu kwamba "dawa inawekwa ndani ya liposomu" umepoteza alama. Sema ni wapi na kwa nini.

Kuhusu ukubwa: liposomu nyingi za dawa zina kipenyo cha nanomita 100 hivi au pungufu. Milimita 1 ina nanomita 1,000,000, kwa hiyo ukizipanga mstari mmoja utahitaji liposomu 10,000 kufikia milimita moja ya rula yako. Chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha nanomita 7,000 hadi 8,000. Liposomu inapita ndani ya kapilari bila shida yoyote.

Kwa nini unaambiwa umeze dawa mseto pamoja na chakula

Kabla ya kwenda mbali, tazama dawa ambayo huenda uliwahi kuimeza. Tangu mwaka 2006 Tanzania hutumia dawa mseto, ALu, kutibu malaria isiyo kali. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa wakati mmoja, mara 6 ndani ya siku 3, jumla vidonge 24. Muuguzi husisitiza uimeze baada ya kula, na kama kuna maziwa, unywe.

Wengi hudhani hayo ni maneno ya kumtunza mgonjwa asichafukwe na tumbo. Sababu yenyewe ni ya kikemia. Lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo, hupenda mafuta na huyeyuka vibaya sana katika maji. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupita na kutoka bila kuingia kwenye damu. Ukiimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachofyonzwa kinaweza kuongezeka hadi mara 16. Nyongo huyavunja mafuta ya chakula kuwa vitone vidogo, dawa hujificha ndani ya vitone hivyo, na vyote hufyonzwa pamoja kwenye utumbo mwembamba.

Kwa hiyo mgonjwa aliyekunywa kikombe cha maziwa amejitengenezea kibebaji cha dawa tumboni mwake. Hakina akili yoyote, kinapeleka dawa popote damu iendapo, lakini kanuni ni ile ile. Na aliyemeza ALu kwa chai kavu asishangae homa ikirudi.

Dawa inayoua fangasi na kuumiza figo

Sasa tuje kwenye jambo zito. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kupata homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi aitwaye Cryptococcus. Huanza kwa kichwa kuuma siku nyingi, halafu shingo, halafu kuchanganyikiwa. Bila matibabu, mgonjwa hufa.

Dawa yake ya zamani ni amfoterisini B, iliyopatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni katika miaka ya 1950. Namna inavyofanya kazi ni mfano mzuri wa muundo wa seli. Utando wa seli ya fangasi una ergosteroli. Utando wa seli yako una kolesteroli. Amfoterisini hushikamana na ergosteroli, utando unaharibika na kuvuja, madini ya potasiamu yanatoka, na seli ya fangasi inakufa. Tatizo ni kwamba ergosteroli na kolesteroli zinafanana. Dawa huishika kolesteroli pia, ingawa kwa nguvu ndogo, na wanaoumia zaidi ni figo. Daktari anajikuta njia panda: akipunguza dozi fangasi anabaki, akiongeza dozi figo zinachoka.

Suluhisho lilikuwa kuiweka amfoterisini ndani ya ukuta wa liposomu. Kumbuka kanuni: dawa hii hupenda mafuta, kwa hiyo inakaa kati ya mikia. Ikiwa imeshikiliwa humo haizuruli ovyo kwenye damu, na figo hupata nafuu. Dawa hiyo ya liposomu ilianza kutumika Ulaya mwaka 1990.

Lakini bei ilikuwa juu, na kwa miaka mingi hospitali nyingi za Afrika ziliendelea na ile ya zamani. Ndipo likaja jaribio liitwalo AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kwa Uganda vituo vilikuwa Kampala na Mbarara. Wagonjwa walioingizwa katika hesabu kuu walikuwa 814. Nusu walipewa matibabu yaliyokuwa yakipendekezwa, yenye amfoterisini ya kawaida kila siku kwa siku 7. Nusu nyingine walipewa dozi moja tu, kubwa, ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na vidonge vya dawa nyingine mbili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya wiki 10 walikuwa wamefariki asilimia 24.8 ya waliopata dozi moja, na asilimia 28.7 ya waliopata matibabu ya siku 7. Soma takwimu hizo kwa uangalifu. Hazisemi kwamba liposomu imeponya kila mtu; karibu robo ya wagonjwa bado walifariki. Zinasema kwamba dozi moja haikuwa dhaifu kuliko matibabu ya wiki nzima, na madhara makali yalikuwa machache zaidi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake na kuipendekeza dozi moja.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Mgonjwa ana kilo 60. Dozi ya liposomu ni 60 × 10 = miligramu 600 kwa mara moja. Chupa moja ya dawa hiyo ina miligramu 50, kwa hiyo zinahitajika chupa 12. Kwa dawa ya kawaida, kipimo kilikuwa miligramu 1 kwa kilo kwa siku: 60 kwa siku, na kwa siku 7 jumla ni 420. Yaani mgonjwa wa liposomu alipokea dawa nyingi zaidi, kwa siku moja, na figo zake zikastahimili vizuri zaidi. Mtahini akikuuliza "toa ushahidi kwamba kibebaji hupunguza sumu ya dawa", hesabu hii ina nguvu kuliko aya nzima ya maneno.

Adui anapojificha ndani ya askari

Damu yako ina walinzi wake. Seli kubwa ziitwazo makrofeji, zinazojaa kwenye ini, wengu na uboho, humeza chochote kigeni kinachopita. Liposomu ni kitu kigeni, na makrofeji huimeza. Kwa mtafiti wa saratani hilo ni balaa: anataka dawa ifike kwenye uvimbe, nayo inaishia kwenye ini.

Kwa mgonjwa wa kala-azar hilo hilo ni bahati. Ugonjwa huu huenezwa na inzi mdogo wa mchangani, na katika Afrika Mashariki unawasumbua watu wa Baringo na Pokot Magharibi nchini Kenya, Amudat nchini Uganda, na sehemu za Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia. Kwetu Manyara si ugonjwa wa kawaida, lakini maisha ya ufugaji wa maeneo hayo ungeyatambua mara moja. Kimelea wake, Leishmania donovani, ana ujanja wa ajabu: anaishi ndani ya makrofeji. Amejificha ndani ya askari aliyepaswa kumkamata. Wengu huvimba, mgonjwa hukonda, damu hupungua.

Sasa unganisha. Kimelea yuko ndani ya makrofeji za wengu, ini na uboho. Makrofeji hizo hizo humeza liposomu. Weka amfoterisini ndani ya liposomu, na askari atameza dawa yeye mwenyewe, hadi chumba alichojificha adui. Hakuna aliyehitaji kuongeza kifaa chochote cha kuielekeza. Huu unaitwa uelekezaji wa kutegemea mwili wenyewe, na binafsi nauona kuwa mfano mzuri kuliko yote katika mada hii, kwa sababu udhaifu wa kibebaji umegeuka kuwa kazi yake.

Mtafiti wa saratani alilazimika kutafuta njia nyingine. Alivika liposomu nyuzi za polima inayopenda maji, iitwayo PEG, ili makrofeji zisiitambue upesi. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, doksorubisini ndani ya liposomu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Njia nyingine ni kubandika kingamwili juu ya liposomu ili ishike seli ya aina moja tu, kama mfugaji anavyomtambua ng'ombe wake kwa alama ya sikio hata katika zizi la watu. Hiyo bado ni kazi ya maabara zaidi kuliko ya wodi.

Neno "akili" lina maana gani hapa

Tunasema simu janja, na vivyo hivyo wataalamu husema vibebaji vyenye akili. Usidhani vinafikiri. Maana yake ni kwamba kibebaji hukaa kimya hadi kikutane na hali fulani, kisha hubadilika na kuachia mzigo. Hali hizo mara nyingi ni pH au jotoridi.

Chukua pH kwanza. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zimebeba mRNA, yaani maelekezo ya kutengeneza protini moja ya kirusi, ndani ya chembe za lipidi. Baadhi ya lipidi hizo zina kundi la amini, ambalo ni besi dhaifu kama amonia. Unakumbuka mlinganyo wa amonia:

NH₃ + H⁺ → NH₄⁺

Katika damu pH ni 7.4. Ioni za H⁺ ni chache, kwa hiyo lipidi nyingi za aina hiyo hubaki bila chaji na hazisumbui seli. Seli inapoimeza chembe, huifungia ndani ya kifuko kiitwacho endosomu, na kifuko hicho huongezeka asidi hadi pH ya karibu 5.5. Tofauti hiyo ya takribani 2 inaonekana ndogo, lakini kila hatua moja ya pH ni mara 10, kwa hiyo ioni za H⁺ zimeongezeka kwa takribani mara 80. Amini inapokea H⁺, lipidi inapata chaji chanya, inavutana na lipidi zenye chaji hasi katika ukuta wa kifuko, ukuta unavurugika, na mRNA inatoka hadi kwenye saitoplazimu. Kumbuka kwamba haiingii kwenye kiini cha seli. Karikó na Weissman, waliofanikisha marekebisho ya mRNA yaliyowezesha chanjo hizo, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Hapa kuna mtego. Chanjo iliyozinduliwa Tanzania tarehe 28 Julai 2021 na Rais Samia Suluhu Hassan ilikuwa ya Johnson & Johnson. Hiyo hutumia kirusi kilichodhoofishwa kama kibebaji, si lipidi. Za Pfizer na Moderna zililetwa baadaye. Ukiandika kwamba chanjo zote za UVIKO-19 ni za lipidi, umekosea.

Jotoridi sasa. Asubuhi ya baridi kule Mbulu samli huganda chomboni, na jua likipanda huyeyuka. Mikia ya fosfolipidi nayo ina jotoridi lake la kulegea. Iko fosfolipidi ambayo hulegea kwenye nyuzi 41 za Selsiasi, juu kidogo ya joto la mwili, nyuzi 37. Tengeneza liposomu kwa lipidi hiyo, ipitishe kwenye damu, kisha upashe joto uvimbe peke yake: ukuta utalegea hapo na dawa itamwagika hapo. Wazo ni zuri sana. Hata hivyo, dawa ya namna hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini, jaribio kubwa la kwanza halikufikia lengo lake mwaka 2013, na la pili nalo halikufaulu. Andika hili kwenye daftari lako, maana vitabu vingi huishia kwenye wazo.

Povu la mti wa Chile, watoto wa Korogwe

Mfano wa mwisho umetoka nyumbani. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na vituo viwili vilikuwa Tanzania: Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2021.

Protini ya chanjo hiyo peke yake huiamsha kinga kwa shida, kwa hiyo huchanganywa na kiamsha kinga. Sehemu moja ya kiamsha hicho hutoka kwenye magome ya mti wa Chile yenye saponini, yaani kemikali inayotoa povu kama sabuni. Saponini hushika kolesteroli ya utando wa seli na kuutoboa, hivyo ikidungwa peke yake huumiza. Watengenezaji waliiweka kwenye liposomu ambazo zina kolesteroli tayari. Saponini inashikamana na kolesteroli ya liposomu, inatulia, na haina haja ya kuishambulia ya mtoto. Kwa hiyo hapa liposomu haikutumika kuielekeza dawa kwenye kiungo fulani. Imetumika kuifunga makali.

Chanjo hiyo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na haitakiwi kugandishwa. Barafu ikijijenga hutoboa na kuvuruga tando, kama maziwa yaliyoganda kisha yakayeyuka yanavyotoa vipande vya mafuta. Ya Pfizer, kinyume chake, ilihitaji takribani nyuzi 70 chini ya sifuri kwa uhifadhi wa muda mrefu, hasa kwa sababu mRNA huharibika upesi. Fikiria jokofu la namna hiyo kwenye zahanati inayotegemea umeme wa jua, na utaelewa kwa nini kibebaji bora kwenye karatasi si lazima kiwe bora kwa mgonjwa wa kijijini.

Jipime

1. Mgonjwa mwenye kilo 45 anatakiwa kupewa amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, mara moja. Zinahitajika chupa ngapi za miligramu 50? (alama 3)

2. Eleza kwa nini liposomu ile ile inafaa kwa kala-azar lakini, bila kuvikwa PEG, haifai kwa uvimbe wa saratani. (alama 6)

3. Mwanafunzi anadai: "Lipidi ya chanjo ya mRNA ni sumu kwa sababu ina chaji chanya." Mkosoe kwa kutumia pH. (alama 5)

Majibu kwa kifupi. Swali la 1: 45 × 10 = miligramu 450; 450 ÷ 50 = chupa 9. Onyesha hatua zote mbili, kwa maana jibu tupu hupata alama 1. Swali la 2: taja makrofeji, taja ini, wengu na uboho, sema kimelea anaishi wapi, kisha sema kwamba makrofeji hizo hizo huinyang'anya liposomu njiani kabla haijafika kwenye uvimbe. Swali la 3: kwenye pH 7.4 amini nyingi hazijapokea H⁺, kwa hiyo lipidi karibu haina chaji. Chaji chanya huonekana ndani ya endosomu, pH ikiwa karibu 5.5, na hapo ndipo inapohitajika. Wengi hukumbuka sehemu ya pili na kusahau kutaja pH ya damu.